Picha Mbili, Korongo Moja
Jinsi ya kupiga na kutazama picha inayoonyesha kina



Siku hizi ukienda kuomba msaada wa mradi wowote, jambo la kwanza utakaloulizwa ni, "Picha ziko wapi?" Vikundi vingi vina kamera ndogo ya dijitali, au angalau mwanachama mmoja ana simu yenye kamera. Kupiga picha si shida tena. Shida ni kwamba picha ya kawaida huonyesha urefu na upana, lakini kina chake hakionekani vizuri.

Sisi tulijifunza hayo kwa aibu kidogo. Kando ya njia yetu ya kwenda mtoni kuna korongo lililokuwa likila mashamba kila mvua ikinyesha. Tulilipima kwa kamba, likawa na kina cha mita 3. Tukalipiga picha, tukaipeleka pahali tulipotaka kuomba waya wa gabioni. Aliyeipokea akaitazama, akatuuliza kwa upole, "Sasa huu mtaro una shida gani?" Hatukuwa na jibu. Katika picha ile udongo mwekundu wa chini na udongo mwekundu wa ukingoni vilikuwa rangi moja. Ungedhani ni njia ya ng'ombe tu.

Ndipo tukajifunza kupiga picha mbili badala ya moja. Katika makala hii tunawaeleza namna ya kufanya hivyo. Hakuna chombo cha kununua.

Kwa nini macho ni mawili?

Nyosha kidole mbele ya pua yako. Funga jicho la kushoto, halafu fungua na ufunge la kulia. Umeona kidole kinavyoruka? Macho yetu yameachana kwa sentimita 6 hivi, kwa hivyo kila jicho linaona kitu kutoka upande wake. Akili huunganisha picha hizo mbili, na hapo ndipo tunajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kutia uzi kwenye sindano jicho moja likiwa limefungwa.

Kamera ina jicho moja. Basi tunaipa jicho la pili kwa kuisogeza.

Jambo hili si geni. Mwaka 1838, Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kifaa chake cha vioo ambacho kilionyesha kila jicho mchoro wake, na michoro hiyo miwili ikaonekana kama kitu kimoja chenye kina. Baadaye wapima ardhi walitumia njia hiyo kwa picha za kutoka kwenye ndege. Ramani nyingi za Kenya zenye mistari ya kuonyesha vilima na mabonde zilichorwa kwa kutazama picha za ndege mbili mbili.

Namna ya kupiga

1. Chagua kitu ambacho hakitembei. Mbuzi, watoto, majani yanayopeperushwa na upepo, vyote huharibu kazi, kwa sababu picha ya pili itawakuta pahali pengine. Mtu akisimama ndani ya picha, mwambieni atulie kabisa.

2. Zima flashi. Usivute picha karibu wala kuirudisha mbali kati ya picha ya kwanza na ya pili.

3. Shika kamera wima na usiipindishe. Simama miguu ikiwa imeachana, uzito ukiwa mguu wa kushoto. Piga picha ya kwanza.

4. Hamisha uzito uende mguu wa kulia, kamera isogee kulia bila kupanda wala kushuka. Isigeuke pia; ielekee mbele vilevile kama mwanzo. Piga ya pili. Zoea kuanza kushoto kila mara, hutachanganyikiwa baadaye.

5. Usogeze kiasi gani? Gawanya kwa 30 umbali wa kitu kilicho karibu zaidi katika picha. Kikiwa mita 2, sogeza sentimita 6 au 7. Kikiwa mita 6, sogeza sentimita 20. Akina mama wa kikundi chetu wana kipimo chao: kwa kila hatua moja kubwa mpaka kwenye kitu hicho, vidole viwili. Kinafanya kazi sawasawa.

Kwa umbali mkubwa, kuegemea mguu hakutoshi. Weka kamera juu ya ubao uliolala sawa na uisogeze hapo.

Namna ya kutazama

Nenda studio ya picha na uombe picha zote mbili zichapishwe kwenye karatasi moja ya inchi 4 kwa 6, kila moja iwe na upana wa sentimita 6, zikae bega kwa bega. Ya kushoto ikae kushoto na ya kulia ikae kulia. Zikiwa pana zaidi, macho yatashindwa kuzifikia.

Kisha kata kipande cha katoni chenye urefu wa rula, yaani sentimita 30. Kisimamishe kati ya picha hizo mbili, na ncha ya juu iguse pua yako. Sasa kila jicho linaona picha yake tu. Kaa pahali penye mwanga wa kutosha pande zote mbili. Legeza macho kama unayetazama kilima cha mbali, usikazane. Picha mbili zitasogeleana, zitapandana, na ghafla shimo litafunguka mbele yako. Miwani ya kusomea husaidia, hata kwa kijana. Ile ya namba 3 inafaa umbali huo.

Ukiona korongo limegeuka kuwa tuta, ujue picha zimebadilishana pahali. Zibadilishe.

Usikate tamaa ikikataa mara ya kwanza. Wengine wetu walichukua siku mbili. Lakini kuna watu ambao hawataiona kamwe, kwa mfano mwenye jicho moja lisiloona vizuri. Asichekwe wala kulazimishwa. Na macho yakiuma, pumzika.

Kuna pia programu za kompyuta zinazounganisha picha hizo kwa rangi, ukazitazama kwa miwani ya karatasi nyekundu na samawati. Kwa mkutano chini ya mti, katoni inatosha.

Tahadhari: picha isiseme uongo

Hapa tunawaomba msome polepole. Ukisogeza kamera kupita kiasi, kina huongezeka machoni. Mtaro wa nusu mita unaweza kuonekana kama shimo la kumeza lori. Mtu anaweza kushawishika kufanya hivyo ili apate msaada haraka. Lakini mgeni akija na futi kamba, kikundi kizima kitaitwa kikundi cha waongo, na hata shida yenu ya kweli haitaaminika tena.

Kwa hivyo simamisheni ndani ya picha mti ulionyooka, uliopakwa rangi kila nusu mita. Yeyote atakayetazama atahesabu mwenyewe. Nyuma ya karatasi andikeni tarehe, mahali, na kiasi mlichosogeza kamera.

Tulivyofanya sisi

Tulirudi korongoni na mti wetu, tukapiga upya. Mama mmoja mzee alipotazama kupitia katoni alirudisha kichwa nyuma, akasema, "Uui! Mwanangu, ningeanguka humu!" Na korongo lenyewe amelipita kila siku. Tulipopeleka karatasi ile ofisini, swali halikuwa tena kama kuna shida. Tuliulizwa, "Mnapanga kuanzia wapi kulizuia?" Hapo mazungumzo ya kweli yakaanza.

Tumepigilia vigingi viwili pale tunaposimama, na baada ya kila msimu wa mvua tunapiga tena kutoka hapo hapo. Tukijenga gabioni na udongo ukaanza kujaa nyuma yake, picha zitaonyesha. Korongo likizidi kuchimbika, zitaonyesha pia, na itabidi tukubali.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni kazi gani yetu ambayo picha ya kawaida imeshindwa kuionyesha: korongo, kisima, bwawa, matuta ya fanya juu?
2. Nani atatunza picha, na zitapigwa kila baada ya muda gani?
3. Tutafanya nini ili mgeni akija akute kile kile alichokiona katika picha?