Akili ni Mali: Fedha za Umma na Makazi ya Matibabu ya Akili Katika Jamii

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba akili ni mali. Iwapo kauli hiyo ni kweli, basi ni haki kuuliza: mali hiyo inapougua, hazina ya umma huitengea nini? Makala haya yanaeleza dhana ya makazi ya matibabu ya akili katika jamii, namna sheria za Kenya zinavyoruhusu yagharimiwe, na kikwazo kinachoyazuia yasianzishwe. Mfano wetu ni Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira.

Dhana

Neno 'wazimu' lina uhusiano na 'mzimu'. Lugha yetu, kwa hiyo, imebeba imani kwamba maradhi haya humjia mtu kutoka nje. Imani hiyo ina matokeo: anayedhaniwa kupagawa hupelekwa kwa mganga au kwenye maombi, ilhali anayekubaliwa kuwa mgonjwa hupelekwa hospitalini. Isitoshe, hatuna istilahi iliyozoeleka ya mahali palipo kati ya wodi na nyumbani. Makala haya yanatumia 'makazi ya matibabu', yaani nyumba ya watu wachache, yenye wahudumu usiku na mchana, ambamo mgonjwa humeza dawa chini ya uangalizi, hupika, hulima na kujizoeza upya kuishi na wenzake, huku jamaa zake wakiweza kumfikia.

Historia

Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa nguzo ya huduma ya serikali kwa wagonjwa wa akili nchini. Kutoka Ikonge hadi huko ni takriban kilomita 300. Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka, hurudi kwenye boma lile lile, na pasipokuwa na mtu wa kufuatilia dawa zake, huzidiwa tena na safari ikaanza upya. Nauli, kazi iliyoachwa shambani na aibu ya majirani hubebwa na familia.

Bara letu limewahi kujaribu njia nyingine. Huko Aro, Abeokuta, nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha mwaka 1954 mpango wa wagonjwa kuishi vijijini karibu na hospitali wakiwa na jamaa zao. Tanzania nayo ilikuwa na vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili. Marekani inatupa onyo. Sheria ya mwaka 1963 ilikusudia huduma ihamie katika jamii, lakini hospitali zilipunguza wagonjwa kwa kasi kuliko vituo vya jamii vilivyopata fedha. Wengi waliishia mitaani na magerezani. Funzo ni kwamba kumtoa mgonjwa hospitalini bila fedha kumfuata ni kumtelekeza.

Fedha na Kikwazo Chake

Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti vituo vya afya vya kaunti. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inazitaka kaunti kutenga fedha za huduma hii katika bajeti zao. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa.

Kwa nini basi fedha hazifiki? Sababu moja imo katika muundo wa bajeti. Makazi ya matibabu hayahitaji jengo kubwa. Yanahitaji watu: wauguzi, mpishi, mlinzi wa usiku. Gharama yake kuu ni mishahara ya kila mwezi. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Jengo huhesabiwa kuwa maendeleo. Muuguzi huhesabiwa kuwa matumizi. Hivyo ni rahisi zaidi kujenga kuta kuliko kumwajiri wa kukaa ndani yake.

Bima ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ingeweza kupunguza mzigo huo, lakini hulipa vituo vilivyosajiliwa na kupewa mkataba. Aidha, hutegemea mchango wa kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kaya ambayo mlezi wake ndiye aliyeugua huenda ikashindwa kuutoa.

Hitimisho

Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katikati yake umma una haki ya kutoa maoni. Mkazi wa Ikonge anaweza kudai nyumba ya kukodiwa na mishahara ya wahudumu wachache, badala ya jengo jipya. Hata hivyo, atadai vipi kitu kisicho na jina katika lugha anayoizungumza? Hapo ndipo wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ulipo: kuzifasiri sheria hizi kwa lugha nyepesi na kusanifisha istilahi zake. Kisichotajwa hakitengewi fungu.