Mwambieni Mtoto Kwamba Baba Amekufa

Mtoto wa Kibirizi, mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, akiambiwa baba yake amesafiri, anajua pa kwenda kumsubiri. Boti za vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga hupakia abiria hapo, na asubuhi mitumbwi ya dagaa huingia na taa zake. Mtoto wa miaka minne aliyezaliwa mwambao huu amekwisha kuona watu wengi wakiondoka na kurudi. Basi naye husubiri. Tanga huanuliwa, wageni hurudi makwao, yeye bado yuko ufukweni, na siku moja huuliza swali ambalo wakubwa hulikemea: kwani baba hanitaki tena?

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha uongo huu wa huruma nimeukuta kwa Waislamu wa Ujiji na kwa Wakristo wa Mwanga. Bibi amelala. Mama yuko Dar es Salaam, anatibiwa. Mungu kampenda zaidi, kamchukua. Wanaosema hivyo wana nia njema, lakini mtoto mdogo hupokea maneno kama yalivyo. Aliyeambiwa bibi amelala huanza kuogopa usingizi. Aliyeambiwa Mungu huchukua anaowapenda hana hamu ya kupendwa na Mungu.

Mwaka 1948 mtafiti wa Hungaria, Maria Nagy, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na watoto wa miaka mitatu hadi kumi. Wale wa chini ya miaka mitano waliona kifo kama safari au usingizi: aliyekufa anaendelea kuishi mahali fulani, na anaweza kurudi. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba watoto wengi huelewa kati ya miaka mitano na saba kwamba mwili wa maiti haufanyi kazi tena, kwamba aliyekufa harudi, na kwamba kila kiumbe hai atakufa. Kwa hiyo tunapomwambia mtoto baba amesafiri, tunampa kosa lile lile ambalo akili yake ilikuwa njiani kulivuka.

Aambiwe nini, basi? Mtu anayempenda akae naye chini, macho yawe sawa na macho, amwambie: "Mwanangu, nina habari ya huzuni. Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, hasikii baridi, haumwi tena. Hatarudi nyumbani. Mimi nipo." Kisha anyamaze. Najua kwa adabu yetu mzee hafi, hufariki au hututoka, na msibani ndivyo tuseme. Kwa mtoto mdogo tamko la wazi ndilo la huruma. Habari za pepo na kuonana tena ziambatane nalo kwa imani ya nyumba hiyo, zisiwekwe mahali pake.

Pengine atauliza, "Sasa atakula nini huko?" Ajibiwe. Atauliza tena kesho na keshokutwa, ajibiwe vile vile bila kuchoka. Pengine atasikiliza, kisha atoke mbio kwenda kucheza mpira, na shangazi aliye kwenye mkeka atasema huyu hana uchungu. Anao sana. Mtoto hawezi kukaa ndani ya huzuni kwa saa nyingi kama sisi. Huingia, hutoka, hurudi tena usiku kwa kukojoa kitandani au kwa kumng'ang'ania mama. Akilia asiambiwe wanaume hawalii. Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahim, na Yesu alimlilia Lazaro.

Zaidi ya maneno, mtoto aliyefiwa anahitaji mtu wa kumtunza. Kaskazini ya Kibirizi, umbali wa saa chache kwa boti, iko Hifadhi ya Gombe yenye sokwemtu ambao mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza mwezi Julai 1960. Mwaka 1972 sokwe mzee aitwaye Flo alikufa. Mwanawe Flint alikuwa na umri wa miaka minane hivi na bado hakuwa amejitenga na mama. Aliacha kula, akajitenga na wenzake, na katika muda wa wiki chache naye akafa. Mwaka 1987 homa ya mapafu iliua sokwe kadhaa, akiwemo mama wa sokwe mdogo aitwaye Mel. Mel alikuwa na miaka mitatu tu. Hakuwa na kaka wala dada wa kumtunza, na waliomjua hawakutarajia aishi. Lakini kijana dume aitwaye Spindle, ambaye naye alifiwa na mama katika ugonjwa huo huo, alimbeba mgongoni, akagawana naye chakula na kumlaza kwenye kitanda chake cha matawi. Mel akaishi.

Sisemi binadamu ni sokwe. Nataka tuangalie kinachotokea kwetu wakati wa kuanua tanga, ukoo unapokaa kugawana watoto: mmoja kwa baba mdogo Kasulu, mmoja kwa mama mkubwa Uvinza, mdogo kabisa kwa bibi. Shida ya pesa ipo, siipuuzi. Ila mtoto anayeuliza "nani ataniogesha?" hana ubinafsi, anauliza swali kubwa kuliko yote msibani hapo. Apewe jina la mtu mmoja, na mtu huyo awepo asubuhi na usiku. Ndugu wakiweza kukaa pamoja, wakae. Na mama aliye edani, miezi minne na siku kumi, asinyang'anywe watoto wake kwa kisingizio cha kumpumzisha. Yuko nyumbani kila siku, na hakuna anayehitajiwa na wanawe kuliko yeye.

Jambo jingine halisemwi sana. Mtoto wa miaka mitano huamini kwamba mawazo yake yana nguvu. Kama juzi alimkasirikia baba akasema hamtaki, leo anaamini amemuua. Juu ya hapo anasikia wakubwa barazani wakinong'ona nani kamroga marehemu. Ajuzwe sababu: "Upepo ulipindua mtumbwi. Baba alizama, akakosa hewa. Si kwa sababu ya ulichosema wala ulichowaza." Kama ni malaria au kisukari, itajwe.

Kuhusu mazishi, mtoto aulizwe kama anataka kuwepo, aelezwe mapema atakayoyaona, vilio na udongo pia, na awe na mtu wake wa kumshika mkono. Pale ambapo wanawake hawaendi makaburini, binti anaweza kuliaga jeneza likitoka nyumbani.

Kigumu zaidi ni mwili usipopatikana, na kina cha ziwa hili hufika mita 1,470. Hapo msimbunie mtoto mwisho. Mwambieni mtumbwi ulikutwa, watu walitafuta kwa siku kadhaa, na wakubwa wote wanaamini baba amekufa majini. Swala ya ghaibu au ibada ya kumuombea humpa mtoto siku ya kuagana. Kofia au jezi ya baba isigawiwe kabla hajachagua kitu cha kubaki nacho.

Akikaa wiki nyingi bila kula vizuri au bila kusema, au akisema anataka kufa amfuate mama, msingoje. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, Hospitali ya Maweni ipo mjini, na simu ya mtoto, 116, ni ya bure. Mwalimu wa darasa la kwanza naye apewe habari kabla mtoto hajarudi shuleni, ili asimwambie mbele ya wenzake kesho uje na baba yako.