Insha ni uwanja wa kufikiri, si ghala la tamathali

Mtaala wa umilisi unataja uwazaji kina na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Walimu huniuliza: uwazaji huo unafunzwa katika somo lipi hasa? Mimi hujibu: katika insha. Lakini si insha hii yetu ambapo jua huchomoza kwa madaha katika aya ya kwanza, methali zikamiminika, na mwandishi akamaliza kurasa mbili bila kudai lolote.

Majuzi nilizungumza na wanafunzi wa kidato cha nne karibu na Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira. Huko karo nyingi hutoka kwenye majani chai, kwa hivyo niliwaomba waandike aya moja kuhusu bonasi. Mmoja akaandika kwamba wakulima wa Nyamira hupata bonasi ndogo kuliko wenzao wa Kirinyaga kwa sababu wanaonewa.

Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari. Pengine hata ina ukweli. Ila tazama kitenzi 'wanaonewa'. Kiko katika kauli ya kutendewa, na kauli hiyo humruhusu mwandishi kumficha mtenda. Nani anaonea? Kwa njia gani? Nikamwomba aiandike upya bila neno hilo.

Basi darasa likachangamka! Mmoja akasema ati chai ya Kirinyaga hupata bei nzuri zaidi mnadani Mombasa. Mwingine akataja gharama za kiwanda: kuni, umeme, mishahara. Wa tatu akadai watu wa kwao huchuma kilo chache. Hapo ikabidi tutenganishe mambo mawili: kilo chache hupunguza jumla ya pesa anazopokea mkulima, ilhali ubishi wetu ulihusu kiwango cha malipo kwa kila kilo.

Kiswahili kina chombo bora cha kupima sababu, nacho ni kiambishi '-nge-'. Kama bei ya Mombasa ingekuwa sawa kwa viwanda vyote, je, bonasi ingelingana? Wakasita. La, gharama zingebaki kuzitofautisha. Kumbe '-nge-', ambayo tumezoea kuidrili kwa ajili ya mtihani tu, ni maabara ndogo.

Aya ya pili ya kijana yule ilisema kwamba malipo hutofautiana kwa sababu kila kiwanda kina bei yake mnadani na gharama zake. Hata hivyo, mkulima hawezi kujua ni kipi kinachompunja mpaka aonyeshwe hesabu zote mbili. Lalamiko limegeuka swali. Na ni swali ambalo mzazi wake, akiwa mwenye hisa, anaweza kulisimamia katika mkutano wa kiwanda na kulikumbuka anapowapigia kura wakurugenzi.

Hakuna aliyemwongezea kijana huyo maarifa mapya kuhusu chai. Alichopata ni nafasi ya kuandika mara ya pili.

Nafasi hiyo haipo katika mtihani wa KCSE, ambapo mtahiniwa huandika insha mbili kwa saa moja na dakika arubaini na tano. Itafutwe darasani. Najua mwalimu mwenye wanafunzi sitini atanung'unika, tena kwa haki. Basi na iwe aya moja kwa wiki, si kurasa mbili. Wanafunzi wasomeane nakala ya kwanza na kuulizana "nani?" na "kwa nini?", kisha mwalimu asahihishe ya pili tu.