Simu yamfikia mgonjwa, lakini mikono ya tabibu haina badala

MTU aliyepatwa na kiharusi anaweza kurudi nyumbani akitembea, lakini ashindwe kufunga vifungo, kuoga au kukoroga uji. Anayemfunza upya kazi hizo za kila siku ni mtaalamu wa tiba ya shughuli, taaluma inayofundishwa katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC).

Shida kubwa ni umbali. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba na ilikuwa na watu 1,136,187 katika hesabu ya 2019. Makueni walikuwa 987,653. Mgonjwa wa Ikutha au Kathonzweni akitakiwa kufika hospitalini kila wiki, nauli humshinda na mazoezi hukatika. Ndiyo sababu wanafunzi wa taaluma hii wanahitaji kujua kumhudumia mgonjwa kwa simu, jambo wanaloweza kujifunza kupitia intaneti.

Wanajifunza nini?

Kwanza, kutazama. Mwanafunzi humwomba jamaa aweke simu mahali penye mwanga, mgonjwa aonekane kuanzia kichwani hadi miguuni. Hapo huona kizingiti kirefu, kiti kinachoyumba au mtungi uliowekwa upande wa mkono dhaifu.

Pili, kueleza kwa maneno mepesi, Kikamba kikihitajika, kisha kumtaka jamaa aonyeshe alichoelewa. Kwa mfano, mgonjwa asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza, kwani bega laweza kuumia.

Tatu, siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Picha ya mgonjwa haipigwi bila idhini yake, wala haitumwi kwa marafiki.

Hata hivyo, skrini haipimi ugumu wa misuli wala haimdaki mgonjwa anayeanguka. Shirikisho la Dunia la taaluma hii, ambalo mwaka 2014 lilieleza kwamba tiba kwa njia ya simu inafaa, bado linadai kila mwanafunzi afanye angalau saa 1,000 za mazoezi ya kazi. Na mtandao ukikosekana, mwanafunzi aweze kuelekeza kwa sauti pekee.

Jamaa wa mgonjwa nao wakumbuke: uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, msingoje kupigiwa simu. Mkimbizeni hospitalini mara moja.