Pikapu ikikwama kwenye potopoto: kamba inayosaidia na kamba inayoua



Kuanzia mwezi wa 9 mvua inakuwa mingi kwenye sehemu kubwa ya Kivu na Ituri, na barabara za udongo zinazotoka mashambani zinageuka potopoto. Kila kooperative yenye pikapu inajua vile inaendaka: gari imebeba kahawa, kakao ao viazi, inaingia kwenye shimo, haitoki. Watu wa kijiji wanakusanyika. Mumoja analeta munyororo, mwingine analeta kamba ya kufungia mizigo, na kamio yenye kupita inakubali kuvuta. Kila mutu anataka kusaidia. Lakini ni wachache wanaouliza: hii kamba ina nguvu ya tani ngapi?

Tunaandika juu ya swali hilo. Potopoto inachelewesha mizigo, lakini kinachoumiza na kuua watu ni kitu kinachokatika wakati wa kuvuta. Kamba iliyovutwa sana inakusanya nguvu ndani yake, sawa vile mupira wa manati. Ikikatika, ao chuma kilichofungiwa kikitoka, nguvu ile yote inaruka mara moja. Kipande cha chuma kinaweza kupasua kioo cha mbele na kumufikia shofere, ao kumupiga mutoto aliyesimama pembeni akiangalia.

Tufanye hesabu mbele ya kutoa feza

Pikapu ya namna ya Toyota Hilux ao Land Cruiser, ikiwa tupu, inakaribia tani 2. Mukiongeza tani 1 ya mizigo, inakuwa tani 3.

Wenye kazi ya kutoa magari wana kipimo kimoja chepesi. Kama magurudumu yamezama, nguvu ya kuvuta inaweza kufika sawa na uzito wote wa gari pamoja na mizigo: hapa ni tani 3. Kama potopoto imefika kwenye mabawa juu ya magurudumu, muhesabu mara mbili: tani 6.

Sasa mushushe ile tani 1, ni kusema mifuko 17 hivi ya kilo 60. Tani 3 inakuwa 2, na tani 6 inakuwa 4. Kwa hiyo kushusha mizigo ndiyo chombo cha kwanza, na hakiuzwi dukani. Wengi wanakataa juu ni kazi ya kuchosha, na soko inangoja. Lakini mifuko 17 inashushwa na vijana wachache kwa muda mufupi.

Vitu vya kutafuta dukani

*Mukanda wa kuvutia.* Iko namna mbili. Mukanda wa niloni unarefuka kidogo unapovutwa, kisha unarudi. Huo unafaa wakati gari ingine inavuta ikiwa inatembea. Mukanda wa poliesteri haurefuki sana. Unafaa kuvuta polepole ao kuzungusha kwenye muti. Kwa pikapu yetu ya tani 3, mutafute mukanda wa niloni wenye nguvu ya kukatika ya tani 8 hivi, urefu wa metre 9, wenye macho yaliyoshonwa kila upande, bila ndoano za chuma. Nguvu hiyo inafaa iandikwe kwenye kitambaa kilichoshonwa juu ya mukanda. Kama hakuna maandishi, musinunue, hata kama bei ni nzuri.

Munyororo na kamba ya chuma havirefuki kama niloni. Musivitumie hata siku moja kwa kuvuta kwa kishindo, gari ikitoka mbio.

*Manili.* Ni kile kipete cha chuma chenye umbo la U, chenye buloni ya kufunga. Manili nzuri ina namba iliyopigwa ndani ya chuma chenyewe, karibu na herufi CMU ao WLL. Ile ya 4,75 T inafaa kwa pikapu. Hapa mufungue macho: namba ya manili ni uzito inaopashwa kubeba kila siku, lakini namba ya mukanda mara nyingi ni uzito unaoukata. Hizo namba mbili hazisemi jambo moja. Manili ya 4,75 T iliyotengenezwa vizuri haivunjiki inapofika 4,75. Imeachiwa nafasi kubwa juu yake. Mukanda wa tani 8, ukifika 8, umekwisha.

Buloni ya manili mukaze kwa mukono mpaka mwisho, kisha murudishe kidogo, robo ya muzunguko, ili isikwame kisha kuvuta. Musiweke buloni ya kawaida, ao musumari, pahali pa ile iliyopotea.

*Tirfor.* Kooperative nyingi zinaipenda juu inavuta kwa mukono, polepole, bila gari ya pili. Iko ya kilo 1.600 na ya kilo 3.200. Kwa pikapu yenye mizigo, ile kubwa ndiyo inafaa. Ndani yake kuna vipini vidogo vilivyotengenezwa ili vikatike vyenyewe wakati uzito unapita kipimo. Kikikatika, mashini inawaambia: muache, mushushe mizigo, muchimbe. Kuna wanaoweka musumari pahali pa kipini ili kazi iendelee. Wameua ulinzi wa mashini, na kisha hapo kitakachokatika ni kamba ya chuma mbele ya uso wao. Munapoinunua, muulize vipini vya akiba vya asili, na muvihifadhi.

*Jembe, mbao na pampu.* Kuchimba mbele ya magurudumu, kuweka mbao, mawe ao matawi, na kupunguza upepo wa matairi kunatoa gari nyingi bila kuvuta hata kidogo. Pampu ni ya lazima, juu musiende mbali na mizigo kwenye matairi laini.

Mufungie wapi?

Mukanda muzuri uliofungiwa pahali pabaya ni hatari ileile. Mutafute ndoano nene iliyokazwa na buloni kwenye shasi. Musifungie kwenye pare-shoki, kwenye vyuma vya usukani, wala kwenye vile vitundu vyembamba vilivyowekwa kwa kufunga gari ndani ya meli. Zaidi ya yote, musifungie kwenye ile boli ya chuma ya nyuma ya kuvutia remorke. Haikutengenezwa kwa kishindo. Inavunjika na kuruka kama risasi. Katika Australia, kwenye pikapu na barabara za udongo ni mingi, watu wamekufa kwa sababu hiyo.

Kama pikapu yenu haina ndoano nzuri, fundi wa gari aiweke mbele ya mvua. Na kama munafunga kwenye muti, muchague muti muzima, mufunge chini karibu na mizizi, na mutumie mukanda mupana, si kamba ya chuma inayokata gome.

Wakati wa kuvuta

1. Mutu mumoja tu anaamuru. Wengine wote wananyamaza.
2. Ndani ya gari wanabaki mashofere peke yao.
3. Watu wote wakae mbali, kwa pembeni, umbali unaopita urefu wa mukanda mara moja na nusu. Kwa metre 9, ni hatua 15 kubwa. Asisimame mutu kwenye musitari wa kamba, mbele wala nyuma. Na watoto? Mutu mumoja apewe kazi ya kuwaondoa tu.
4. Muweke gunia lenye maji ao jaketi zito katikati ya kamba. Ikikatika, uzito huo unaiangusha chini.
5. Asivuke mutu juu ya kamba iliyokazwa.
6. Musiunge kamba mbili kwa fundo. Fundo linaweza kula karibu nusu ya nguvu.

Kutunza

Kisha kazi, mukanda uoshwe kwa maji, uanikwe kivulini, uwekwe pahali pakavu. Mchanga unaokaa ndani ya nyuzi unazikata polepole. Mukanda wenye kukatika pembeni, hata kidogo, usivute tena gari. Kamba ya chuma yenye nyuzi zilizotoka ao iliyojikunja vibaya, nayo imekwisha. Na vitu hivi visiazimwe kwa kufunga mizigo ao kuvuta mbao.

Neno kwa komite

Kwenye mukutano ujao, muweke vyombo hivi ndani ya bajeti ya gari, pamoja na mafuta na matairi. Feza ikiwa kidogo, muanze na jembe, mbao na pampu, kisha mukanda na manili mbili zenye namba. Tirfor inaweza kununuliwa na kooperative mbili ao tatu za barabara moja.

Muandike pia azimio moja lisiloomba feza: shofere akisema "tushushe mizigo kwanza", asilaumiwe juu ya kuchelewa. Mara nyingi shofere anakubali kuvutwa vibaya juu anaogopa maneno ya wenye mizigo. Kahawa iliyofika kesho bado itauzwa. Wamemba waliotoka na gari, tunataka warudi wote nyumbani.