Weupe Usiodumu: Rangi ya Theluji Katika Mifano ya Vifaru

Watu wengi huiona kazi ya kutengeneza mifano midogo ya magari ya vita kuwa ni mchezo wa kupitisha wakati. Hata hivyo, fundi anayetaka mfano wake useme kweli hana budi kujua kiasi fulani cha kemia, fizikia na historia. Jambo hili hudhihirika zaidi katika rangi ya majira ya baridi, yaani weupe uliopakwa juu ya vifaru ili visitambulikane katika theluji. Ugumu wa kazi hii hauko katika kuupaka weupe huo, bali katika kuuondoa. Kwani katika vita halisi weupe huo haukudumu.

Asili ya weupe

Katika vita baina ya Ufini na Muungano wa Kisovieti, vilivyoanza tarehe 30 Novemba 1939 na kumalizika tarehe 13 Machi 1940, askari wa Ufini walipigana wakiwa wamevaa mavazi meupe, ilhali magari mengi ya wapinzani wao yaliingia vitani yakiwa na rangi yake ya kijani. Gari la kijani katika uwanja wa theluji huonekana kutoka mbali sana, na kifaru kinachoonekana kwanza ndicho hupigwa kwanza. Kwa hiyo rangi haikuwa pambo. Ilikuwa uhai wa watu waliokaa ndani.

Tarehe 22 Juni 1941 majeshi ya Ujerumani yaliushambulia Muungano wa Kisovieti yakiwa na vifaru vya rangi ya kijivu iliyokolea. Viongozi wake walitarajia ushindi kabla ya baridi kuingia, na theluji ilipoanguka rangi nyeupe haikutosha. Askari walitumia walichokipata: chokaa, chaki, hata mashuka. Upande wa pili, vifaru vya Kisovieti vilivyoshiriki katika mashambulizi ya kujibu karibu na Moscow, yaliyoanza tarehe 5 Desemba 1941, vingi vilikuwa vimepakwa weupe juu ya kijani.

Lakini theluji huyeyuka. Machipuko yanapofika, ardhi hugeuka kuwa matope meusi, na kifaru cheupe huonekana wazi kuliko kile kisichopakwa kitu. Ndiyo maana weupe huo ulikusudiwa tangu mwanzo uwe dhaifu, uweze kuoshwa na kusuguliwa mara theluji iondokapo.

Kwa nini hubanduka

Msomaji aliyewahi kuegemea ukuta uliopakwa chokaa anajua jinsi nguo inavyotoka na unga mweupe. Hata hivyo, chokaa hushika ukutani kwa miaka, kwa kuwa ukuta una vinyweleo vinavyoinywa. Humo chokaa iliyozimwa huungana na hewa ya kaboni dayoksaidi, ikageuka polepole kuwa kitu kigumu cha jamii moja na mawe ya chokaa. Chuma kilichokwisha kupakwa rangi ya mafuta hakina vinyweleo vya namna hiyo. Chokaa hukaa juu yake tu, pasipo mizizi.

Baridi nayo huongeza udhaifu. Maji yanapoganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Maji yaliyopenya chini ya weupe yakiganda huuinua, na yakiyeyuka huuacha ukining'inia, tayari kuanguka kwa mguso mdogo.

Kusoma alama za uchakavu

Kwa kuwa weupe ulitoka kwa sababu maalumu, ulitoka pia mahali maalumu. Askari walipanda na kushuka kwa njia ile ile kila siku. Basi kingo za milango na mahali pa kukanyaga zilirudi rangi ya asili mapema. Vichaka vya misituni vilikwaruza pembe na ubavu. Juu ya injini, joto liliyeyusha theluji na mafuta yaliyomwagika yaliacha madoa. Maji yaliyotiririka ubavuni yaliacha michirizi ya wima. Minyororo haikubaki na weupe hata kidogo, kwani ilisagwa na ardhi muda wote.

Kinyume chake, weupe ulidumu mahali palipojificha: nyuma ya vifaa vilivyofungwa ubavuni, katika pembe za ndani, na pembeni mwa vichwa vya misumari. Aidha, askari wengi hawakupaka juu ya namba na alama za jeshi, bali walizizunguka, wakaacha vipande vya rangi ya zamani vikionekana kama madirisha.

Kutoka gari halisi hadi mfano

Kipimo kinachopendwa sana kwa mifano hii ni 1 kwa 35. Kilienea kutokana na mfano wa kifaru cha Panther uliotolewa na kampuni ya Tamiya ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambao ukubwa wake ulipangwa ili betri za kuuendesha ziweze kuingia ndani. Katika kipimo hicho, kifaru cha T-34 chenye upana wa mita 3 huwa na upana wa milimita 86 hivi. Mkwaruzo wa sentimita 1 huwa chini ya milimita 0.3, na alama ya brashi pana ya sentimita 10 haifiki milimita 3. Rangi ikipakwa nene katika mfano, ni kana kwamba gari halisi limekandikwa kwa mwiko. Basi kanuni ya kwanza ni wembamba wa kila tabaka.

Njia inayofaa hufuata mpangilio wa gari lenyewe. Kwanza hupakwa kijani au kijivu, kikaachwa kikauke kabisa, kisha kikakingwa kwa vanishi. Juu yake hupulizwa tabaka mbili nyembamba za dawa ya kushikiza nywele. Zikikauka, hufuata rangi nyeupe ya akriliki, isiyo nzito. Baada ya muda mfupi fundi hulowesha sehemu ndogo kwa maji na kuisugua kwa brashi ngumu. Maji hupenya kwenye weupe na kulainisha ile dawa ya nywele. Weupe hupoteza mshiko na kutoka kwa vipande visivyo na mpango, huku rangi ya chini ikibaki salama. Hapa fundi haigi sura ya uchakavu tu, bali anaurudia mwendo wake: tabaka dhaifu juu ya tabaka imara, maji, na msuguano.

Mwisho huongezwa rangi za mafuta zilizozimuliwa sana kwa michirizi, na unga wa udongo kwa matope. Kazi hii ifanyike penye hewa ya kutosha, kwani mvuke wa viyeyusho hudhuru mapafu.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kutumia weupe mtupu. Theluji safi huonekana nyeupe kwa sababu fuwele zake nyingi huutawanya mwanga pande zote. Chokaa iliyochanganyika na vumbi na moshi haifikii weupe huo. Tone la rangi ya udongo likitiwa katika nyeupe huleta ukweli zaidi. Kosa la pili ni kukwaruza kila mahali sawasawa, kana kwamba gari lilisuguliwa na mkono mmoja. Kosa la tatu, lililo kubwa, ni kuonyesha kutu kila weupe ulipotoka. Chini ya weupe kulikuwa na kijani au kijivu, wala si chuma kitupu.

Picha nyingi za vita hivyo ni za nyeusi na nyeupe, na mashahidi wake wanazidi kupungua. Kwa kijana wa leo, huenda mfano uliowekwa kabatini ukawa ndiyo mara yake ya kwanza kuona jinsi gari hilo lilivyokuwa. Mfano mweupe unaong'aa humwambia kwamba vita vilikuwa maonyesho. Mfano uliochakaa kwa haki, uliobanduka pale mguu wa askari ulipokanyaga kila siku, humkumbusha kwamba ndani ya chuma hicho walikuwamo watu waliotaka kuiona machipuko.