Kidonge cha Chai, Tambuu na Orodha ya Saratani

Mtu wa Shimoni akirudi kutoka hospitali ya Msambweni na habari kwamba ana sukari, nyumba nzima hubadilika. Halwa haiandikwi mbele yake, mahamri yanahesabiwa, na chai inatiwa kidonge cheupe cha utamu bandia, kidogo kuliko punje ya mbaazi. Hapo ndipo maneno huanza. "Ami, hicho kidonge kinaleta saratani, nimesikia mwenyewe," kijana atasema, simu mkononi. Ami atajibu kuwa aliyemkataza sukari ni daktari, si simu.

Alichosikia kijana kina asili. Tarehe 14 Julai 2023, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiweka aspatemu, utamu bandia unaotiwa katika soda nyingi zisizo na sukari, kwenye kundi la 2B: vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Siku hiyohiyo, kamati ya wataalamu wa mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, FAO na WHO, iitwayo JECFA, ilisema kikomo cha zamani kinabaki palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa siku. Kopo la soda likiwa na miligramu 200 hadi 300, mtu wa kilo 70 atakipita kikomo hicho akinywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 kila siku.

Wengi waliona kwamba wataalamu wanagombana, kumbe kila upande ulijibu swali lake. Chukua mfano wa bahari: mkondo kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini unaweza kuzamisha mtu. Hiyo ndiyo hatari. Kama wewe utazama leo, hilo lategemea chombo, upepo na nahodha. IARC huuliza la kwanza, JECFA huuliza la pili.

Tena orodha ya IARC hupanga vitu kwa uzito wa ushahidi, haipimi ukali wa madhara. Ndani ya 2B mna hata dondoo la jani zima la mshubiri. Popoo, ile inayotafunwa ndani ya tambuu, imo kundi la 1, ambako ushahidi umeshakamilika. Anayemkanya ami huku shavu limejaa tambuu ameanzia pasipo.

Hofu hii si ngeni. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879. Mwaka 1977 Marekani ilitaka kuipiga marufuku baada ya panya kupata saratani ya kibofu cha mkojo, ikaishia kuandikiwa onyo kwenye pakiti. Baadaye ikaonekana kwamba kilichowadhuru panya wale kilitokana na mkojo wao, na kwa binadamu hakitokei hivyo. Onyo likaondolewa mwaka 2000.

Kwa watu wenyewe, ushahidi haujaelekea upande mmoja. Utafiti wa Ufaransa uliotolewa 2022, wenye watu 102,865, uliona saratani imezidi kidogo kwa watumiaji wakubwa wa aspatemu. Ule wa Marekani wa 2006, wenye watu zaidi ya 400,000, haukuona uhusiano na saratani za damu wala za ubongo. Tafiti za namna hii zina ugumu wake: mara nyingi anayekimbilia utamu bandia tayari ana uzito mkubwa au sukari, na maradhi yake huenda yakasingiziwa kidonge.

Fedha nazo zina sauti. Uchambuzi wa 2016 ulionyesha kwamba mapitio ya tafiti yaliyogharamiwa na watengenezaji wa vikoleza utamu yalielekea kuvisifu. Wafanyabiashara wa sukari nao si malaika: miaka ya 1960 chama chao Marekani kiliwalipa watafiti wa Harvard waandike makala, iliyotoka 1967, ya kuitupia mafuta lawama ya maradhi ya moyo. Kwale, ambako miwa inalimwa Ramisi, njiani kwenda Shimoni, ni vyema tukumbuke kwamba kila utamu una mfanyabiashara wake.

Mei 2023 WHO ilishauri watu wasitegemee vikoleza utamu kupunguza uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana. Ushauri huo ndio unaozungushwa sana kumtisha ami. Lakini WHO iliandika wazi kwamba hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa hiyo ami na amsikilize daktari wake, na kijana aanze na soda yake mwenyewe.